Kikosi cha Mazoezi si Zawadi

Kila mara orodha ya wachezaji walioitwa katika kambi ya timu ya taifa ya raga ya Kenya itangazwapo, wapenzi wa mchezo huo hugawanyika makundi mawili. Kundi moja hushangilia kwa kuwa mchezaji wao kaitwa, na la pili hunung'unika kwa kuwa wa kwao kaachwa. Baada ya juma moja makundi yote mawili hunyamaza, na orodha husahauliwa hadi itakapotoka nyingine. Twaona kuwa huo si uchambuzi. Swali linalofaa kuulizwa si nani kaitwa na nani kaachwa, bali kila aliyeitwa kaitwa afanye kazi gani, na kwa ajili ya mechi ya mwaka gani.

Twauliza hivyo kwa sababu kikosi cha mazoezi ni kitu kimoja, na timu ya mechi ni kitu kingine. Timu ya mechi ni wachezaji 15 wa kuanza na 8 wa akiba, nao huchaguliwa kwa ajili ya Jumamosi moja. Hapo kocha hana budi kumchukua aliye bora siku hiyo. Kikosi cha mazoezi ni kitalu cha miche. Humo hutiwa wale walio tayari, lakini pia hutiwa wale watakaokuwa tayari baada ya miaka mitatu au minne. Anayekifanya kikosi hicho kuwa zawadi ya mechi zilizokwisha kuchezwa amekula mbegu, na msimu ujao atalima shamba tupu.

Shamba hilo tupu tumekwisha kuliona. Mnamo Novemba 2018 Simba wetu walikwenda Marseille, Ufaransa, kugombea nafasi ya mwisho ya Kombe la Dunia la 2019. Walifungwa na Canada 65-19, na Ujerumani 43-6, na Hong Kong 42-17. Miaka minne baadaye, Novemba 2022, walikwenda Dubai kwa shughuli hiyo hiyo. Marekani iliwafunga 68-14, Ureno 85-0, na Hong Kong 22-18. Katika safari hizo mbili Kenya ilifungwa pointi 325 na kupata 74. Kweli, dhidi ya Hong Kong palionekana nafuu, nasi hatuna haja ya kuificha. Lakini Ureno iliyotupiga 85-0 ilikwenda katika Kombe la Dunia la 2023 ikaishinda Fiji 24-23, ilhali sisi tulirudi nyumbani kuanza upya.

Yapo mambo mengi yaliyosababisha vipigo hivyo, na fedha si jambo dogo miongoni mwayo. Hata hivyo kuna jambo moja lisilohitaji hazina ya serikali ili lirekebishwe. Mwaka 2019, hapa hapa Nairobi, vijana wetu wa chini ya umri wa miaka 20 waliifunga Namibia 21-18 wakatwaa Kombe la Barthés, na kwa ushindi huo wakaenda Brazil kushindana na vijana wa mabara mengine. Mwezi Julai 2022, katika fainali ya Kombe la Afrika iliyochezwa Aix-en-Provence, Namibia ya wakubwa iliifunga Kenya ya wakubwa 36-0. Kati ya fainali hizo mbili ilipita miaka mitatu tu. Vijana wa Namibia hawawezi kuwa waliota mbawa katika muda huo, wala wetu hawawezi kuwa walisahau mchezo. Tofauti imo katika yale yampatayo kijana tangu atimize miaka 20 hadi afikishe 25. Huo ndio umri ambao kikosi cha mazoezi kinapaswa kuwa daraja, na daraja likikosekana, kijana huishia ng'ambo aliyoanzia.

Tuchukue mfano wa safu ya mbele, maana ndiko mechi za raga ya wachezaji 15 zinakoanzia. Watu watatu, yaani mapropu wawili na huka katikati yao, hubeba uzito wote wa skramu. Kazi hii haifanywi na yeyote tu mwenye mwili mkubwa. Shingo, mgongo na miguu hufundishwa kwa miaka, na asiyefundishwa aweza kuvunjika shingo. Ndiyo maana sheria za mchezo zinataka timu yenye wachezaji 23 iwe na watu sita wanaoweza kucheza safu ya mbele. Wakiisha, mwamuzi huamuru skramu zisisukumwe.

Sasa msomaji na apige hesabu pamoja nasi. Ikiwa watu sita wahitajika siku ya mechi, na ikiwa skramu haifunzwi kwa kusukuma hewa bali kwa kusukuma safu nyingine iliyo hai, basi kikosi cha mazoezi cha watu 40 chahitaji watu wa safu ya mbele wasiopungua 12. Kati ya hao, angalau wanne wawe vijana ambao hakuna anayewatazamia kucheza mwaka huu. Orodha yoyote itakayoletwa mbele ya wananchi, tunawashauri waanze kuihesabu hapo kabla ya kutafuta majina ya wafungaji wa trai. Ikiwa na mapropu wanne na mawinga tisa, si kikosi cha mazoezi, hata kama kila winga ni hodari.

Kishawishi cha kuwajaza wenye mbio twakielewa, kwa kuwa sifa yetu kubwa duniani imetoka kwao. Tarehe 17 Aprili 2016 timu yetu ya wachezaji saba, chini ya kocha Benjamin Ayimba na nahodha Andrew Amonde, iliishinda Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore, na taifa zima likasimama. Marehemu Ayimba alitutoka mwaka 2021, na heshima yake haitafutika. Lakini mechi ya wachezaji saba huchezwa dakika 14, na skramu yake ni ya watatu kwa watatu. Mechi ya wachezaji 15 huchukua dakika 80, na skramu yake ni ya wanane kwa wanane. Mbio zinafaa baada ya mpira kupatikana. Huko Marseille na Dubai mpira wenyewe ulikuwa adimu. Isitoshe, timu ya saba nayo ina mashaka yake. Mwaka 2023 ilishushwa kutoka mashindano makuu ya dunia, na ikarejea mwaka 2024 huko Madrid kwa kuishinda Ujerumani 33-15. Si haki kijana mmoja avutwe na kambi mbili kama kamba, mwisho asiive katika yoyote.

Liko jambo jingine linalotugusa sisi tulio mbali na Barabara ya Ngong. Zamani raga ilikuwa mchezo wa vilabu vichache vya Nairobi, na mteuzi aliweza kuwaona wote kwa kuvuka ua mmoja kwenda mwingine. Siku hizo zimepita. Nakuru ilichukua Kombe la Kenya mwaka 2013 na 2014, na Kabras ya Kakamega ikalichukua mwaka 2016. Wachezaji wazito, ambao nchi inawahitaji kuliko wote, hupatikana kwa wingi katika shule na vilabu vya Magharibi na Bonde la Ufa. Kutoka Kakamega hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 350. Kijana mwenye kibarua aitwapo kambini bila nauli, bila malazi na bila barua kwa mwajiri wake, ameitwa kwa jina tu. Asipofika huandikwa kuwa hana nidhamu, na nafasi yake hupewa aliye karibu.

Twajua kuna watakaosema kuwa tunataka nafasi zigawanywe kimikoa, kila upande upimiwe kibaba chake. La, hasha. Jezi ya taifa haigawiwi kwa pishi. Mchezaji asiyeweza kazi asiitwe, hata akitoka mlangoni petu. Wengine watasema kuwa kocha aachiwe uhuru wake, kwa kuwa yeye ndiye atakayelaumiwa timu ikishindwa. Hilo ni kweli kwa timu ya mechi. Lakini makocha huja na kwenda, na kila mmoja hupimwa kwa mechi iliyo mbele yake. Ukimwachia peke yake kikosi cha mazoezi, atachagua wa kumwokoa leo, na hatuwezi kumlaumu kwa hilo. Kesho ya timu yahitaji mlinzi mwingine, naye ni shirikisho lenyewe.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne. Kwanza, kabla ya majina kutangazwa, itangazwe idadi ya nafasi kwa kila kazi uwanjani. Pili, orodha igawanywe wazi sehemu mbili: walioitwa kwa ajili ya mechi za mwaka huu, na walioitwa kwa ajili ya miaka ijayo. Tatu, asiitwe wala asiachwe mtu ambaye wateuzi hawajamtazama akicheza katika uwanja wa kwao. Nne, kila anayeachwa aambiwe sababu, naye aambiwe la kurekebisha. Neno hilo halina gharama, lakini limewarudisha wengi mazoezini.

Nafasi ya Kombe la Dunia la 2027 ilipotea Kampala mwezi Julai 2025, ambako Zimbabwe iliishinda Namibia 30-28 na kurudi katika mashindano ambayo haikuyaona tangu 1991. Walisubiri miaka mingi kuliko uhai wa wachezaji wao wengi, lakini wamefika. Kenya haijafika hata mara moja. Kombe la 2031 litachezwa Marekani, na kijana aliyezaliwa mwaka 2005 atakuwa na umri wa miaka 26, umri ambao propu huanza kukomaa. Kijana huyo yuko mahali fulani hivi sasa, katika klabu ambayo pengine haina hata mashine ya skramu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Walisema pia kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Twawasihi wateuzi wapande basi la usiku, wamtafute.