TAREHE 28 JULAI NI SIKU YA WAFANYA KAZI



Kila mwaka tarehe 1 Mei twavaa fulana za chama, twapanda magari, twakwenda kusikiliza hotuba. Tarehe 20 Oktoba twakumbuka mashujaa, tarehe 12 Desemba twakumbuka Jamhuri. Lakini tarehe 28 Julai yapita hapa Machakos kama siku yo yote ya soko. Watu wauza maembe, matatu zaita abiria wa Nairobi, wala hakuna asemaye neno. Sisi twasema hilo ni kosa, na kosa lenyewe ni la vyama vya wafanya kazi kwanza, kabla halijawa la serikali.

Siku hiyo, mwaka 1938, watu wa Ukamba zaidi ya elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, walishika njia ya Nairobi kwa miguu. Ni mwendo wa maili arubaini. Mkubwa wao alikuwa Muindi Mbingu, na chama chao kiliitwa Ukamba Members Association. Hawakwenda kuomba kazi wala chakula. Walitaka kumwona Gavana, Sir Robert Brooke-Popham, wamwambie uso kwa uso kwamba ng'ombe wao waliotwaliwa warudishwe.

Asiyejua habari hizi na asikie. Serikali ya kikoloni ilikuwa imesema nchi ya Ukamba imechakaa kwa kuwa ng'ombe ni wengi mno, ikaamuru wapunguzwe kwa nguvu. Mifugo ikaswagwa, ikapigwa mnada kwa bei duni. Na mwaka huo huo wa 1938, pale Athi River, kampuni ya Liebig ilifungua kiwanda cha nyama, nacho kilitaka ng'ombe wengi kwa bei ndogo. Mtu hahitaji shule kubwa kuunganisha mambo hayo mawili.

Tuwe wakweli: udongo ulikuwa unamomonyoka, na mabonde yaliyochimbwa na mvua yalionekana kwa macho. Lakini ni nani aliyewasonga watu pamoja na mifugo yao mahali padogo? Milima ya Mua ilikuwa imekwisha kupewa masetla, na mipaka ya rizavu ilichorwa ofisini. Kwanza unyang'anywe malisho, halafu uambiwe ng'ombe wako wamezidi malisho! Na kwamba dawa haikuwa mnada, Machakos yenyewe imeshuhudia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu wa wilaya hii waliongezeka zaidi ya mara tano, na ardhi ikapona badala ya kufa. Iliponywa na matuta yaliyochimbwa kwa majembe, na wanawake ndio waliochimba sehemu kubwa.

Sasa wako ndugu zetu wasemao: "Hayo ni mambo ya ng'ombe, tena ya Wakamba. Chama cha wafanya kazi kina siku yake, Mei Mosi." Tumesikia neno hilo hata midomoni mwa viongozi, nasi twalijibu.

Mei Mosi yenyewe ilitoka wapi? Ilitoka Marekani, walikogoma wafanya kazi mwaka 1886 wakidai kazi ya saa nane, na katika mji wa Chicago damu ikamwagika siku chache baadaye. Hakuna Mkamba, Mluo wala Mgiriama aliyekuwako. Hata hivyo twaiita siku yetu, na twafanya vema. Basi kama tarehe ya Chicago ni yetu, vipi ile ya njia ya Nairobi tunayopita kila siku iwe ya wengine?

Na hilo neno la "mambo ya ng'ombe" ndilo linalotuudhi zaidi, kwa sababu lasemwa na watu ambao hawakufikiri ng'ombe alikuwa nini. Mtu wa rizavu alidaiwa kodi. Aliyekuwa na mifugo aliweza kuuza mbuzi akalipa, akakaa kwake. Asiye na mifugo alikuwa hana budi kwenda kwenye mashamba ya masetla, au kwenye mkonge, au Nairobi, akapokee mshahara wo wote atakaopewa. Kwa hiyo ng'ombe zizini alikuwa akiba ya mfanya kazi. Alikuwa nguvu ya kumwambia tajiri: "Kwa senti hizi sitaki." Aliyetwaa ng'ombe alitwaa nguvu hiyo, naye setla aliyengoja vibarua wa bei rahisi hakuhuzunika. Tukiitazama hivyo, vita vya mwaka 1938 vilikuwa vita vya mshahara, ingawa neno mshahara halikutajwa.

Twataka pia kusahihisha jambo moja. Ukitaja tarehe 28 Julai watu hufikiri ushindi ulipatikana siku hiyo. Sivyo. Siku hiyo walitembea tu, na Gavana alikataa kuwaona. Kama wangalipiga kelele mpaka jioni wakarudi, leo tusingalikuwa na la kuandika. Walikaa. Walipiga kambi Nairobi majuma kadhaa, wakaambiwa waondoke, wakakaa. Habari zikafika London, na Jomo Kenyatta, aliyekuwa huko wakati ule, akazitangaza. Serikali nayo ilikuwa na hofu nyingine, maana askari wake wengi katika K.A.R. na polisi walikuwa Wakamba, na ng'ombe walionadiwa walikuwa wa baba zao. Mwisho Gavana mwenyewe akaja Machakos mwezi wa Agosti kufanya baraza. Septemba Muindi Mbingu akakamatwa, akapelekwa kizuizini Lamu. Wakubwa walidhani mambo yamekwisha, kumbe watu hawakulegea, na amri ya kupunguza ng'ombe kwa nguvu ikaachwa.

Leo Nairobi iko barabara yenye jina lake. Yapita mbele ya Soko la Mjini, penye mabucha, na wengi wanaonunua nyama pale hawajui jina lile la kibaoni lilipiganiwa kwa ng'ombe. Kile kiwanda cha Athi River nacho kilikuja kuwa cha Kenya Meat Commission, iliyoundwa mwaka 1950.

Kwa nini twayasema haya sasa? Kwa sababu sisi twapenda mno siku moja. Twaandamana asubuhi, twapiga picha, jioni kila mtu kwake. Tumeona mgomo ulioanza Jumatatu kwa nyimbo, Alhamisi watu wakaingia getini mmoja mmoja kimya kimya, kwa kuwa unga umekwisha nyumbani na mwenye nyumba amebisha mlango. Hatuwalaumu. Watoto hawali nyimbo. Twalaumu chama kilichowatoa kazini bila akiba. Wenzetu wa 1938 waliweza kukaa kwa kuwa nyuma yao palikuwa na mashamba na jamaa. Kibarua wa leo anayeishi chumba cha kupanga Mlolongo hana zizi. Zizi lake ni sanduku la chama, na sanduku hilo ni tupu.

Basi twataka mambo mawili. Tarehe 28 Julai iandikwe katika kalenda ya tawi, iwe siku ya mkutano wa wanachama wote, bila fulana mpya wala wageni wa heshima. Na katika mkutano huo uanze mchango wa akiba ya mgomo, kila mtu kwa kadiri yake, usioguswa kwa safari wala kwa chai ya kamati. Hesabu ibandikwe ukutani mwa ofisi kila mwisho wa mwezi. Mwezi ambao haikubandikwa, mhazini asimame mbele ya wanachama aeleze.