Majuto, Sharo na basi la kwenda Moshi

Wadau, juzi nilibishana na rafiki yangu pale mjini Moshi, hatua chache kutoka mnara wa saa, mpaka chai ikapoa. Yeye anasema nchi hii haijapata mchekeshaji wa kumzidi Joti. Mimi nikasema King Majuto. Akanibana kiuandishi (na yeye ni mwandishi, ndiyo tatizo): "Haya, nitajie dakika yake moja tu iliyokuchekesha kuliko zote. Moja!"

Nikanyamaza. Akadhani kanishinda.

Si kwamba sina. Ninayo tangu nina miaka kumi na mitatu. Ila ukiisimulia kwa maneno haichekeshi, halafu ina msiba ndani yake. Ngoja niieleze hapa kwa nafasi, maana pale mezani nisingeweza.

Ilikuwa Desemba 2012, mimi na mama tunatoka Dar kwenda Uru kula Krismasi. Mnaotoka huku mnaijua Desemba ya Mchaga: Ubungo imejaa tangu usiku, nauli imepanda bila tangazo, kila mtu ana mzigo wa kumwonyesha jirani kwamba mjini kunalipa. Mama alibishana na konda kuhusu nauli mpaka Kibaha. Abiria wengine nao wakaingilia, basi zima likawa bunge. Tulipopita Chalinze konda akafanya wanachofanya makonda wote wenye akili: akawasha TV, akaweka DVD ya vichekesho.

Akatokea Mzee Majuto na kanzu yake na kofia. Halafu akatokea Sharo Milionea.

Basi likanyamaza. Sharo, yaani Hussein Ramadhani Mkieti, alikuwa amefariki tarehe 26 Novemba mwaka huohuo kwa ajali ya gari huko Muheza, kwao. Mwezi haujaisha! Na magazeti yaliandika jambo ambalo kila aliyekuwa mle ndani alikuwa amelisoma au amesimuliwa: waliofika mwanzo pale kwenye ajali walimwibia marehemu, hadi nguo alizovaa. Kijana ambaye nchi nzima ilikuwa inaigiza msemo wake wa "Kamata mwizi meen!" Ukiandika hivyo kwenye hadithi mhariri atakwambia umezidisha.

Mama mmoja kiti cha mbele akamwambia konda atoe. Konda akasema hana nyingine. Ikaendelea.

Sharo anatembea ule mwendo wake wa kisharobaro, anaongea Kiswahili cha Tanga kilichochomekwa Kiingereza cha kuokoteza, anajisifu mbele ya mzee. Mzee Majuto hajibu. Anamwangalia tu. Anaanza na viatu, anapanda suruali pole pole, anafika kwenye nywele, anakaa hapo kidogo, halafu anarudi chini kwenye viatu kana kwamba kuna kitu alikiruka. Uso hauna hasira wala dharau. Una huruma ya mtu anayetazama mbuzi aliyeuziwa akiambiwa ni ng'ombe. Sekunde tatu, labda nne.

Yule mama aliyesema itolewe ndiye aliyecheka wa kwanza. Akafuatia mama yangu. Halafu basi zima, pamoja na mzee mmoja aliyekuwa amelala tangu Ubungo, sijui aliamka saa ngapi. Tulicheka mpaka watu wakawa wanajifuta machozi, na sina hakika yote yalikuwa ya kucheka. Mzee alipofungua mdomo hatukusikia hata neno moja alilosema. Mpaka leo sijui alimjibu nini.

Filamu ilikuwa bado inaendelea tulipofika Segera. Mnaijua pale, barabara inagawanyika: kulia unakwenda Muheza na Tanga mjini, kushoto Korogwe na huku kwetu. Dereva alipokata kushoto mama akageuka, akaitazama ile ya kulia. Hakusema kitu. Alikuwa bado ameshika tumbo kwa kucheka.

Sasa turudi kwenye ubishi. Kwa nini nasema ile ni kazi ya fundi, si bahati?

Majuto, jina la kuzaliwa Amri Athumani, alizaliwa Tanga mwaka 1948 na alianza kuigiza jukwaani akiwa na miaka tisa. Televisheni huku Bara ilikuja mwaka 1994. Hesabu mwenyewe: mtu alikuwa kwenye kazi hiyo miaka zaidi ya thelathini kabla kamera haijawa jambo la kawaida kwake. Na jukwaa la vichekesho la miaka ile halikuwa na hadithi iliyoandikwa neno kwa neno. Vikundi kama Muungano, na baadaye TOT, vilikuwa na onyesho la saa nyingi: ngoma, sarakasi, kwaya, taarabu, na katikati yake kichekesho. Mnakubaliana kisa, mengine unayatafuta mbele za watu. Watu wenyewe wako baa, wana bia mkononi, wasipocheka wanakuzomea hadharani.

Pale ndipo mtu anapojifunza kusubiri. Ukisema neno wakati ukumbi unacheka, neno limepotea. Kwa hiyo unatulia, unawapa nafasi, unajua kicheko kinapanda wapi na kinashuka wapi. Majuto aliingia mbele ya kamera, mahali ambapo hakuna anayecheka zaidi ya mpiga picha, akaendelea kuwaachia watu ile nafasi. Alikuwa anasikia ukumbi ambao haupo. Halafu miezi mingi baadaye, kwenye basi lililojaa mizigo, ile nafasi ikajaa.

Joti simvunjii heshima jamani. Lucas Mhuvile ni mtu mmoja mwenye watu kumi ndani yake. Akivaa bibi ni bibi, akivaa mtoto unataka kumfuta kamasi. Enzi za Ze Comedy pale EATV, na walipohamia TBC1 wakawa Orijino Komedi, Alhamisi usiku hata kule mlimani kwenye TV ya betri ya gari watu walikuwa wanasogea. Ila vichekesho vile vimezaliwa na televisheni, vinaikejeli televisheni yenyewe, vinakimbia. Ni ufundi mwingine. Na Mzee Small (Said Ngamba, Mungu amrehemu, 2014) naye ningemtetea siku nyingine.

Kuna jambo jingine nalipenda kwa Majuto, na hili nalisema kama Mchaga. Vichekesho vyetu vinampenda sana Mchaga: anahesabu hela, analala dukani, ukimwangusha chini anaokota shilingi kabla hajanyanyuka. Nacheka, sikatai, na baba yangu mdogo anatimiza nusu ya hayo. Lakini ni kicheko cha mkato, lafudhi tu inatosha, mwigizaji hana haja ya kufikiri. Majuto, kwa zile nilizoziona mimi, kabila alilolicheka zaidi ni wazee wa Tanga wenye tamaa na woga, yaani yeye mwenyewe.

Haya, sasa niseme lililonifanya niandike.

Mwaka 2018 Mzee Majuto aliugua, akapelekwa India, akarudi, akafariki Muhimbili tarehe 8 Agosti. Katika miezi ile ndipo ikajulikana kwamba matangazo ya biashara aliyofanya, ambayo yalikuwa yanatuchekesha kila baada ya taarifa ya habari, hayakuwa yamemletea chochote kinachofanana na ukubwa wa jina lake. Aliyekuwa Waziri wa Habari wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kuangalia mikataba ya wasanii, ya Majuto na hata ya marehemu Kanumba. Kwenye filamu nako utaratibu ulikuwa uleule kwa wengi: unalipwa mara moja, unasaini, kazi inaondoka na haki zake zote.

Na mimi? Mwezi mmoja kabla ya kifo chake nilikuwa nimenunua stendi ya Moshi diski moja yenye filamu zake zaidi ya kumi, imechomwa na mtu, jalada limepigwa fotokopi. Niliona nimepata bei nzuri. Lile basi la 2012 nalo lilitulipisha nauli ya Krismasi, likatutuliza kwa sura ya mzee, na sidhani hata senti ilitoka pale kwenda Tanga. Sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999, COSOTA ipo. Kuonyesha kazi ya mtu mbele ya abiria sitini wanaolipa ni biashara. Maoni yangu: basi lenye TV lilipe kwa kiti, kama linavyolipa bima, na tangazo limlipe mwigizaji kila linaporushwa, si siku ya kupigwa picha tu. Mtaniambia nauli itapanda. Mbona Desemba inapanda bila sababu na tunalipa?

Nilimsomea baba mdogo hoja hizi Jumapili kilabuni, Uru, kata ya mbege ikizunguka. Nilitegemea anicheke. Akasema wachekeshaji wanauza kahawa yao mbichi, ndiyo shida. Wazee wa huku waliliona hilo mwaka 1925 wakaunda chama chao cha wakulima, mwaka 1933 ikaja KNCU. "Mtu mmoja na gunia lake hapangi bei," akasema. "Hao wa vichekesho chama chao kiko wapi?" Nikamwambia vyama vipo. Akasema hajauliza kama vipo, ameuliza viko wapi.

Hapo mzee mmoja, Meku wa jirani, akataka kujua huyo Majuto tunayemgombania ni nani hasa. Nikatoa simu, nikatafuta kipande cha mtandaoni. Kilikuwa cha Majuto na kijana mwingine, si Sharo. Wazee sita wakainamia kioo cha simu. Kijana akaongea maneno yake, akamaliza. Majuto akamwangalia. Viatuni. Akapanda...

Bando likaisha. Picha ikaganda na Majuto kafika kifuani.

Hakuna aliyesogea. Wote wakabaki wanasubiri amalizie kupanda. Mwisho Meku akaweka kata chini, akaitazama simu, akanitazama mimi kuanzia viatu, taratibu, mpaka kwenye nywele zangu za rasta, akarudi chini.

Kilabu kizima kikaanguka.