Goma iko karibu kuliko Dar

Leo tuongelee huu ugonjwa wetu wa kufuatilia vita kwenye simu. Nasema wetu maana bweni zima tunaumwa. Januari 2025, M23 walipoingia Goma, kuna watu hapa walimaliza bando la wiki kwa siku mbili. Saa tisa usiku mtu anakuamsha: "Mkuu, uwanja wa ndege umeshachukuliwa!" Dakika kumi baadaye anakuamsha tena, eti haujachukuliwa.

Wengine mtasema Kongo inatuhusu nini. Jamani, mie ni mtu wa Bariadi. Chukua ramani upige mstari ulionyooka: kutoka kwetu, Goma ni karibu kuliko Dar es Salaam. Halafu JWTZ walikuwa kule, kwenye kikosi cha SADC.

Mtaani kwetu kuna mama ambaye mwanawe ni askari. Hakujua kama kijana yuko Kongo au yuko kambini tu, na simu yake ilikuwa haipatikani. Ndipo picha za maiti zikaanza kuzunguka WhatsApp, zimeandikwa "wanajeshi wa Tanzania". Sare hazionekani vizuri, tarehe hakuna, aliyepiga hajulikani. Mtu akaona ni busara kumpelekea yule mama simu na kumuuliza: "Mama, huyu siyo wako?" Siku tatu mama hakula. Kijana alipopiga, kumbe hakuwahi hata kuvuka mpaka.

Mwanzoni mwa Februari JWTZ wakatoa taarifa: askari wawili wamekufa, wanne wamejeruhiwa, katika mashambulizi ya tarehe 24 na 28 Januari maeneo ya Sake na Goma. Mpaka taarifa hiyo itoke, uvumi ulikuwa peke yake uwanjani. Wasambaza picha nawalaumu, ila na ukimya nao una lawama yake.

Kuna wanaosema basi wote ni waongo, tusiamini chochote. Hapo nakataa. Angalieni hesabu za waliokufa. Mwisho wa Januari Umoja wa Mataifa walitaja watu 700. Tarehe 5 Februari wakasema maiti 2,900. Tarehe 24 Februari waziri mkuu wa Kongo, Judith Suminwa Tuluka, akasema zaidi ya 7,000. Jamaa mmoja kantini akacheka: "Si mnaona wanavyobuni?" Hapana, mkuu. Hesabu ya kwanza ilikuwa ya siku chache tu, Goma na jirani zake. Ya pili ilikuja baada ya maiti kuokotwa mitaani na kuhesabiwa pamoja na za mochwari. Ya tatu ni ya mashariki ya Kongo tangu Januari, tena inatoka kwa upande unaopigana. Kabla ya kuuliza nani mwongo, uliza amehesabu nini, wapi, mpaka lini.

Uongo wenyewe upo, sikatai. Februari hiyohiyo CNN walimuuliza Kagame kama ana wanajeshi Kongo, akajibu hajui. Amiri jeshi mkuu hajui! Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walishaandika mwaka 2024 kwamba wapo kati ya 3,000 na 4,000.

Wazee wetu walipitia haya bila bando. Mwaka 1978 serikali ya Amin ilitamba kwamba imeteka eneo la Kagera kwa dakika 25. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Aliyekuwa anasikiliza majigambo ya siku ya kwanza angeuza ng'ombe wote akimbie.

Sisemi tuache kufuatilia. Nasema tuchelewe. Mie sasa nasoma mara moja, usiku, na jeshi likitaja waliokufa upande wake naliamini kuliko likitaja iliowaua. Picha ya maiti haipiti kwangu kwenda kwa mtu, hata iwe ya kweli. Kama ni ya kweli, kuna mama yake mahali.

Nawasilisha. Mwenye hoja tofauti anikute kantini, ila asiniamshe saa tisa.