Nusu ya Moshi Bado ni Moshi

Hata parokiani tumesikia wakisema kwamba gesi ya asili ni nishati safi, bali nyuklia ni nishati ya mauti. Tunakataa. Gesi ikichomwa ili kuzalisha umeme hutoa takriban nusu ya hewa ukaa itokayo kwenye makaa ya mawe. Na nusu ya dhambi si utakatifu. Tena methani inayovuja bombani, katika miaka 20, hulipasha anga joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Kinu cha nyuklia hakichomi kitu.

Ujerumani ilizima vinu vyake vitatu vya mwisho tarehe 15 Aprili 2023, huku makaa na gesi vikiendelea kuwaka. Kilichochafua zaidi ndicho kingetangulia kuzimwa.

Watatuuliza: ninyi watoto wa Kongo, mmesahau Shinkolobwe, ilikotoka urani nyingi ya bomu la Hiroshima? Hatujasahau. Ndiyo maana tunadai mchimbaji alindwe, na taka za nyuklia zitunzwe kwa maelfu ya miaka. Mzigo huo, tukiri, ni mzito. Lakini mzigo wa gesi wanaubeba wakulima ambao mvua haziwajii tena kwa majira yake, nao hawajawahi kuwashiwa hata taa moja.