Picha za ngano zisomwe, zisitazamwe tu



Katika kisa kiitwacho "Punda wa Dobi", kilichochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine za Unguja, papa anamwalika kima kwao. Wakiwa katikati ya bahari anamfichulia kwamba sultani wao anaumwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba moyo ameuacha mtini. Watoto hucheka hapo. Swali la kuwauliza ni kwa nini papa aliamini. Swali hilo huwatoa kwenye kukariri majina ya wahusika na kuwaingiza katika tabia zao: kima, asiye na nguvu majini, ana ulimi tu.

Picha nayo isaidie swali hilo. Inayomwonyesha kima akiwa amesharudi juu ya mti wake, mkuyu, huvujisha kisa mapema. Afadhali ile ya safarini, naye yuko mgongoni mwa papa, mtoto aeleze nani anajua siri na nani hajui. Wachoraji wengi, kwa bahati mbaya, huwachora wanyama wote wakicheka, mwenye hila na asiye nayo. Kisa kianze kwa paukwa na pakawa, kitabu kikiwa kimefungwa. Picha ifunuliwe baadaye.

Msomaji, Tanga