Saruji inayogandia stoo yatafuna mtaji na mazingira

Mkulima anayejenga ghala na mfanyabiashara anayeinua fremu ya duka wana kilio kimoja: vifaa vimepanda bei. Ni kweli, lakini sehemu ya fedha hizo hupotelea saiti, na mazingira hulipa pamoja nao.

Mwaka 1992 mtafiti kutoka Finland, Lauri Koskela, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, alieleza jinsi ujenzi unavyoweza kunufaika na utaratibu uliokuzwa na kampuni ya magari ya Toyota ya Japani: kifaa kije kinapohitajika, kwa kiasi kinachohitajika, na kazi isirudiwe.

Kwa mjenzi wa kawaida, pa kuanzia ni saruji. Wengi hununua mifuko mingi kwa kuhofia bei, wakairundika sakafuni penye unyevu huku wakitafuta fedha za mchanga na fundi. Ikikaa miezi mitatu hupungua nguvu, hata kama haijaganda. Fundi naye huchanganya ya kutwa nzima, ilhali ikishalowa hushika ndani ya saa chache. Jioni masalia hutupwa. Na saruji si bidhaa nyepesi kwa mazingira: viwanda vyake hutoa takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani.

Hasara isiyosemwa sana ni ya kubomoa. Ukuta hupigwa lipu, ndipo aitwe fundi umeme na fundi bomba waanze kuutindua. Kuwakutanisha mafundi wote kabla ya msingi hakugharimu hata mfuko mmoja.

Kwa wanaotumia matofali ya kuchoma, kila tofali lisiloiva au lililopasuka ni kuni zilizoteketea bure. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA) nchini Tanzania umekuwa ukihimiza matofali ya kufungamana, ya udongo na saruji kidogo, yasiyochomwa. Hata hivyo udongo lazima upimwe kwanza; wenye mfinyanzi mwingi hupasuka.

Kununua kidogo kidogo nako kuna nauli yake. Hapo ndipo muuza vifaa anapopata nafasi: apokee malipo kwa bei ya leo, atoe mifuko kwa awamu. Mteja adai stakabadhi yenye idadi, bei na tarehe ya mwisho ya kuchukua.