Maneno ya Kriketi na Uvivu wa Wafasiri

Wako wasomi wasemao kuwa kriketi haielezeki kwa Kiswahili, kwa kuwa maneno yake ni fumbo la Waingereza. Dai hili ni uvivu uliovikwa joho la elimu.

Fumbo hilo likifunguliwa, ndani hamna ila vitu vya nyumbani. Wiketi, yaani vijiti vitatu alindavyo mpigaji, asili yake ni kilango kidogo. Mpigaji atolewaye bila ya kupata hata mkimbio mmoja husemwa amepata bata. Kwanza lilikuwa yai la bata, kwa sababu yai lafanana na sifuri. Mrushaji atoaye wapigaji watatu kwa mipira mitatu mfululizo husemwa amefanya hila ya kofia, kwani mwaka 1858, huko Sheffield, H. H. Stephenson alitunzwa kofia kwa kazi hiyo. Lango, yai na kofia: Mswahili gani asiyevijua?

Wala mchezo huu haukungoja ruhusa ya London. Moin Khan, mlinda wiketi wa Pakistani, alikuwa akimhimiza Saqlain Mushtaq arushe "doosra", yaani "ule wa pili" kwa Kiurdu: mpira ugeukao upande usiotazamiwa. Leo Waingereza wenyewe hulitumia neno hilo. Mwaka 2021 klabu ya MCC, iliyo mlinzi wa sheria za mchezo, ilibadili hata jina la mpigaji ili liwaenee wanaume na wanawake. Ikiwa wenyewe hubadili, kwa nini wengine wakatazwe kutafsiri?

Kiswahili kimekwisha kuthibitisha uwezo wake katika kandanda. "Kuotea", neno la mwindaji aviziaye mnyama, lilibeba kanuni yenye utata mwingi, na leo watoto wa mitaani hubishana kwalo bila ya mkalimani.

Mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi. Ushindi wa namna hiyo ulistahili kusimuliwa hata kwa bibi aliyeketi barazani, kwa lugha yake. Basi ova, lile fungu la mipira sita, likopwe; mpigaji na mrushaji watumike; kisha uwanja uamue. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Lakini aijuaye maana akawaficha wenziwe, lawama yake ni kubwa zaidi.